Mboga Haisubiri Zamu

Mahindi yakikosa maji kwa wiki nzima hukunja majani yakajibana, na mvua ikirudi huyafungua tena yakaendelea na safari. Mboga haina subira hiyo. Kabichi iliyokatiziwa maji wakati wa kufunga hubaki na kichwa kidogo kilicholegea. Nyanya iliyokauka leo ikaloweshwa kupita kiasi keshokutwa hupasuka, au huoza kitako: lile doa jeusi chini ya tunda ambalo wengi hudhani ni ugonjwa wakalinunulia dawa, kumbe maji yalikuja kwa kushtukiza na mmea ukashindwa kupeleka kalsiamu ya kutosha kwenye tunda. Mwenye robo eka ya mboga anaweza kupata maji mengi kwa msimu mzima, na bado siku nne alizoyakosa zikamlia mtaji wote.

Mipango mingi ya kumsaidia mkulima mdogo huhesabu mita za ujazo. Yeye mwenyewe huhesabu siku. Ukizitazama kwa makini mbinu zake, kuanzia milima ya Upare hadi mito mikavu ya Ukambani, utaona nyingi zimebuniwa kuziba siku, kuhakikisha kwamba kati ya maji ya leo na maji yajayo mmea haufiki mahali pa kufa. Na vifaa vingi alivyoletewa vikamshinda, vilimshinda hapo hapo.

Tuanze na hesabu ya mwili wa mtu. Penye jua kali, mboga iliyokwisha kufunika tuta hutumia takriban milimita 5 za maji kwa siku, sawa na lita 5 kwa kila mita ya mraba. Robo eka ina kama mita za mraba 1,000. Hizo ni lita 5,000, au ndoo 250 za lita 20. Mtu mwenye keni mbili za lita kumi kumi, na kisima kilicho mita 30 tu kutoka katikati ya shamba, angetembea kilomita 15 kwa siku, nusu ya njia akiwa na kilo 20 mikononi. Hakuna awezaye kufanya hivyo kila siku kwa miezi mitatu. Kwa hiyo hupanda matuta machache kuliko ardhi aliyonayo, humwagilia alfajiri na jioni ili jua lisile sehemu yake, na siku mkono ukichoka huamua ni matuta yapi yatakosa. Ukubwa wa bustani nyingi za Afrika Mashariki umeamuliwa na mabega ya watu, wala si na hati ya kiwanja.

Njia ya kwanza ya kukwepa kubeba ni kuyafuata maji yalipo. Iringa na Njombe, kiangazi kikianza, watu hushuka kwenye vinyungu, mashamba ya mabondeni ambako udongo hubaki na unyevu miezi mingi baada ya masika. Huinua matuta, huchimba mifereji midogo kati yake, na mizizi hunywa kutoka chini bila mtu kushika ndoo. Milima ya Usambara nayo ina mabonde yake membamba, na kabichi, karoti na hoho za Lushoto zinazofika masoko ya Tanga na Dar es Salaam hutoka kwa sehemu kubwa humo. Ni kilimo cha akili sana: badala ya kuyapeleka maji kwa mboga, mboga imepelekwa kwa maji.

Hapo ndipo kilimo hicho kinapogongana na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sababu yake ni nzito. Ukingo uliolimwa mpaka majini humwaga udongo na dawa mtoni, na bonde lililokaushwa kwa mifereji mingi hupoteza uwezo wa kutunza maji yaliyowavuta watu huko. Lakini irudie ile hesabu ya keni. Mkulima asiye na pampu wala kisima akisogezwa mita 60, anaongezewa mita 120 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 250 hizo ni kilomita 30 zaidi kwa siku. Amri ya kuhama ikija peke yake, bila kisima cha upande wa juu na chombo cha kupandisha maji, kwake ni amri ya kuacha mboga. Ndiyo maana katika mabonde mengi watu huondoka afisa akiwapo na kurudi akishaondoka. Mto haujapona na mkulima hajapata pa kulima.

Upare walikuwa na jibu la aina nyingine, na nadhani ndilo jibu bora zaidi lililowahi kubuniwa na wakulima wadogo katika ukanda huu. Linaitwa ndiva. Katika Wilaya za Same na Mwanga, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa ubavuni mwa mlima, kando ya mfereji unaotoka kwenye kijito. Baadhi zilianzishwa na koo, kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kufika. Jioni tundu la chini huzibwa. Maji ya usiku kucha hujikusanya. Asubuhi kizibo huondolewa, na maji hushuka kwa nguvu kwenye mifereji hadi kwa wenye zamu ya siku ile.

Faida yake inaonekana kwa tarakimu ndogo tu. Tuseme kijito kinatoa lita 10 kwa sekunde. Ukiyaachia maji hayo kwenye mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita mbili, mengi yatazama njiani na shamba la mwisho litapata tope. Ukiyazuia kwa saa 12 za usiku unakusanya lita 432,000. Ukiyaachia kwa saa nne asubuhi, yanatoka kwa kasi ya lita 30 kwa sekunde, mara tatu ya kijito chenyewe, na kwa nguvu hiyo yanafika mbali. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni saa ya kufika na urefu wa safari yake. Zaidi ya hayo, usiku ambao zamani ulimpotezea mtu usingizi au maji umegeuzwa kuwa akiba.

Ndiva haiendeshwi na ukuta wake. Inaendeshwa na watu wanaokubaliana. Mifereji huzibuliwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare ambayo kila kaya yenye haki ya maji hutoa mtu, na asiyefika hutozwa faini au huikosa zamu. Kuna mtu au kamati inayojua leo ni maji ya nani, nani anadaiwa, nani ana miche michanga inayostahili kupewa nafasi. Makubaliano hayo ni mali kuliko saruji, na huvunjika kwa urahisi kuliko saruji. Vijana wakihamia mjini, msaragambo hupungukiwa mikono. Kamati ikichukuliwa na wachache, zamu huanza kuuzwa pembeni.

Isidhaniwe kwamba zamani kulikuwa na haki kwa wote. Mwenye shamba la mkiani mwa mfereji amekuwa akilia tangu mfereji ulipochimbwa. Na pale ambapo hakuna ndiva, au ndiva imejaa matope, zamu huendelea usiku. Mwanamke anayelima peke yake akipangiwa saa nane usiku ana mawili ya kuchagua: kupanda mlimani gizani kulinda maji yasichepushwe na wa juu yake, au kumlipa kijana akamlindie. Katika mifereji mingi hivi ndivyo maji yanavyomponyoka mwanamke, bila mtu yeyote kutamka kwamba hana haki nayo. Anayo kwenye orodha, shambani hayafiki.

Chini ya mlima mambo ni magumu zaidi. Katika bonde la Makanya, huko huko Upare, vijiji vya juu kama Vudee na vya kati kama Bangalala vilipozidi kutumia maji ya kiangazi, kijito kiliacha kufika tambarare. Wakulima wa Makanya hawakuhama wote. Walijifunza kuyakamata mafuriko: mvua kubwa ikipiga milimani, maji huja kwa kishindo yakiwa na udongo mwekundu, nao huyaelekeza mashambani kwa mifereji na matuta yanayohitaji kurekebishwa kila baada ya gharika. Mafuriko mawili mazuri yanaweza kuotesha mahindi na maharage. Mboga za kiangazi hayawezi kuzibeba, kwa sababu hayana tarehe.

Mkwaruzano huo wa kijiji na kijiji unajirudia kwa ukubwa katika bonde zima la Pangani, ambalo ofisi yake ya maji ilianzishwa mwaka 1991, ya kwanza nchini Tanzania. Mifereji ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mashamba makubwa, miji, bwawa la Nyumba ya Mungu la miaka ya 1960 na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, vyote hunywa kutoka mfumo mmoja. Kwa muda mrefu mifereji ya asili ilihukumiwa kuwa mwizi wa umeme: udongo unavujisha, maji yanapotea. Ni kweli yanavuja. Lakini sehemu ya yanayovuja huibukia kwenye chemchemi na visima vya wengine walio chini. Ukisakafia mfereji kwa saruji umemwokolea mmoja maji na pengine umemkaushia mwingine kisima, naye hakuulizwa.

Usangu, mkoani Mbeya, ilitoa somo kali zaidi. Mabanio ya zamani, vizuizi vya kuchepusha maji ya mto kwenda mifereji, yalijengwa kwa magogo, mawe na nyasi. Yalivujisha, na kwa kuvujisha yakawaachia wa chini chochote. Yalipobadilishwa na kuwa mabanio ya saruji yenye milango ya chuma, skimu za juu ziliweza kuchukua karibu mto mzima wakati wa kiangazi. Zikaitwa skimu zilizoboreshwa. Kuanzia 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu ni nyingi, mpunga ukiwa mbele, lakini banio linaloweza kufunga mto wote lina hatari yake hata likiwa limejengwa kwa nia njema. Nikiona mradi mpya unaojivunia banio imara, swali langu la kwanza ni nani aliye chini yake na siku zake ni zipi.

Kuna mahali ambapo maji hutunzwa bila kuonekana. Katika Machakos, Makueni na Kitui mito mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wakamba wamechimba humo kwa vizazi, na katika miongo ya karibuni wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa saruji unakatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga mzito unaojaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake. Mchanga mzuri hubeba maji kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya ujazo wake, wakati mwingine zaidi kidogo. Yakishashuka kina cha karibu mita moja, jua haliyapunguzi kwa kiasi cha maana, wala mbu hazai humo. Kando ya kuta hizi utakuta sukuma wiki na nyanya mwezi wa Septemba, wakati vilima vyote vimekuwa rangi ya kahawia. Adui yake ni lori. Mchanga ule ule ndio Nairobi inaojengea maghorofa, na ukichotwa hadi mwambani, maji huondoka nao. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na kwa mtazamo wangu hiyo ni sheria ya umwagiliaji kuliko nyingi zenye jina hilo.

Ndani ya shamba lenyewe mbinu hazina sifa kubwa, lakini ndizo zinazookoa wengi. Tazama tuta la nyanya lililotandazwa nyasi kavu unene wa vidole vinne. Ukizifunua mchana udongo wa chini una ubaridi na unashikana kiganjani, ilhali tuta la jirani lisilotandazwa limepasuka. Samadi iliyooza hushikilia maji kwa namna hiyo hiyo. Sehemu kavu zaidi, wakulima huacha kuinua matuta na kuyazamisha, ili kila tone lililomwagwa libaki kwenye shina. Mijini, gunia lililojazwa udongo na mboji, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, huweza kubeba miche mingi ya sukuma wiki kwa maji yaliyooshea mchele. Kila moja ya hizi huongeza siku moja au mbili kati ya mwagilio mmoja na mwingine. Mtu anayehesabu siku anajua thamani yake. Tatizo ni kwamba nyasi hizo ng'ombe naye anazitaka, na kiangazi ng'ombe hushinda.

Kisha kuna uchaguzi wa mboga. Mchicha na mgagani ni katika mimea ambayo, kama mtama na mahindi, hutumia maji kwa ufanisi mkubwa penye joto. Mizizi ya mchicha mchanga ni mifupi na inataka maji karibu kila siku, lakini huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Nyanya inakudai miezi mitatu. Asiyejua kama kijito kitafika Novemba hufanya busara kuukopesha udongo wiki nne badala ya kumi na mbili. Ndiyo maana maji yakianza kuyumba utaona mchicha, kunde za majani na mnafu vikienea, na hoho zikirudi kwa wenye visima. Si ushamba wala woga wa mazao ya biashara. Ni mtu anayepima urefu wa ahadi anayoweza kuitimiza. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu miaka ya 1990 kimefanya kazi nzuri ya mbegu za mboga hizi za asili, na inastahili kufika vijijini kwa kasi zaidi.

Vifaa vya kuokoa maji vina historia ya kuvunja moyo. Seti za umwagiliaji wa matone, ndoo juu ya kichanja na mipira yenye vitundu, zilisambazwa sana Kenya kuanzia miaka ya 1990. Mwaka 2005 watafiti Kulecho na Weatherhead walichapisha uchunguzi wao juu ya kwa nini wakulima wadogo wa Kenya walikuwa wakiziacha. Miongoni mwa sababu walizozikuta ni matunzo mabovu na maji yasiyo ya uhakika. Hiyo ya pili ingepaswa kubadilisha fikra zetu. Matone ni mfumo wa kutoa kidogo kila siku. Mtu anayepata maji mara moja kwa juma hawezi kuutumia mpaka awe na tangi la kuyahifadhia, na tangi ni ghali kuliko mipira. Tena, akiokoa nusu ya zamu yake bila pa kuiweka, inamwendea wa chini. Asiyejua lini atapata tena huchota mpaka udongo ukatae. Tunamlaumu kwa ubadhirifu, na ubadhirifu huo umezaliwa na ratiba isiyoaminika.

Pampu zimefanya vizuri zaidi, kwa kuwa pampu humpa mtu saa yake mwenyewe. Pampu ya kukanyaga iliyoenezwa Kenya na Tanzania na shirika la KickStart iliwavusha wengi kutoka kwenye keni. Zikaja za petroli za kukodi, ambazo siku mafuta yakipanda nyanya hunyauka kando ya mto uliojaa. Sasa ni za jua. Nazifurahia, na zinanitia wasiwasi. Petroli ilikuwa na breki: kila lita ya maji ilikuwa na bei. Jua halina breki, na visima vifupi vya majirani kumi vinaweza kuwa vinavuta kutoka tabaka moja la chini bila yeyote kujua. Zamu ya mfereji ilionekana kwa macho. Zamu ya chini ya ardhi haina orodha, na aliyechimba kina kirefu ndiye wa juu mpya.

Dar es Salaam, bondeni mwa Msimbazi, uhakika umepatikana kwa gharama mbaya. Mchicha, matembele na chainizi humwagiliwa humo kwa maji yanayochanganyika na majitaka ya makazi na viwanda. Mto Ruvu, chanzo cha maji ya jiji, ulipopungua mwishoni mwa 2022 na jiji kuingia kwenye mgao, maji machafu hayakukatika. Mkulima wa pale anajua ni machafu. Lakini ni maji pekee ambayo hayajawahi kumkosea siku. Kumfukuza bila kumpa chanzo kingine kunaiondoa mboga kwenye macho ya mkaguzi tu, na kuipeleka bonde jingine.

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka matumizi ya nyumbani kwanza na mazingira pili. Kilimo na wengine walifuata. Siipingi. Ila maana yake ni kwamba ukame ukija, anayefungiwa kwanza ni mmwagiliaji, na asiye na kibali cha maji hafungiwi kwa utaratibu, anafukuzwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na Kenya ilifungua njia kama hiyo kwa sheria yake ya 2002. Kibali cha jumuiya ndicho kinachoweza kumlinda mwenye robo eka, kwa sababu peke yake hatamudu ada wala safari za ofisini. Hata hivyo jumuiya nyingi zimebaki chombo cha kukusanya ada na kusuluhisha ugomvi baada ya miche kufa.

Kazi yenye faida kubwa iko mapema zaidi. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, na uamuzi wa kuotesha miche 500 au 2,000 hufanyika siku ya kumwaga mbegu. Baada ya hapo mtaji umeshazama. Kabla ya vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa msimu. Jumuiya inaweza kuupokea, kwenda kwenye chemchemi na ndoo na saa ya mkononi mwezi wa Agosti, kulinganisha na Agosti iliyopita, na kutangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba mwaka huu zamu itarudi kila siku ya nane badala ya siku ya tano. Haihitaji mfadhili wala saruji. Mkulima atakayelisikia tangazo hilo akiwa bado ameshika mbegu ataotesha nusu ya nyanya, atajaza tuta lililobaki mchicha, atakusanya nyasi kabla ng'ombe hawajazimaliza, na hatakopa fedha za mbolea ya shamba ambalo maji hayatalifikia.